Kemia Mlangoni: Historia Fupi ya Somo Lililotuchagua

Msomaji wa kijarida chetu huenda akajiuliza kemia imekuja kutafuta nini katika kurasa za walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Swali hilo lina haki yake. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka sitini hapa Uganda somo la kemia ndilo ambalo limekuwa likiamua ni nani atakayesomea udaktari, ufamasia, kilimo au tiba ya mifugo, na kwa sababu hiyo hiyo likaamua, bila kukusudia, ni nani atakayekuja kusomea lugha. Tuseme ukweli: katika vyumba vyetu vya walimu wamo wengi waliofika kwenye Kiswahili baada ya mlango wa kemia kufungwa. Ikiwa somo la wenzetu limetuchagua kiasi hicho, basi si vibaya nasi tukajua limetoka wapi na limefikaje kushika ufunguo.

Kwanza ikumbukwe kwamba kemia kama kazi ya mikono haikuletwa na shule. Kule Kibiro, kwenye ufuo wa Ziwa Albert katika nchi ya Bunyoro, wanawake wamekuwa wakitengeneza chumvi kwa karne kadhaa. Hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi karibu na chemchemi za maji moto, wakauacha unyonye, kisha wakaukwangua na kuutia katika vyungu vilivyotobolewa chini. Maji humiminwa juu yake, yakapita polepole yakiwa yamebeba chumvi, na maji hayo ndiyo yanayochemshwa jikoni mpaka ibaki chumvi tupu. Mwalimu wa kidato cha kwanza akiwafundisha watoto kuyeyusha, kuchuja na kuvukiza, anarudia kazi ya Kibiro hatua kwa hatua. Tofauti ni kwamba mtoto huyo huambiwa kuwa elimu hiyo ni mpya, na kwamba ina lugha yake ambayo si ya nyumbani.

Kemia ya darasani ilikuja kwa njia nyingine kabisa, nayo ni njia ya hospitali. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 tu, waliojifunza useremala, uashi na umakanika. Haukupita muda mrefu serikali ya kikoloni ikaanza kuhitaji wasaidizi wa waganga, wa maofisa kilimo na wa madaktari wa mifugo, na mafunzo ya tiba yakaanzishwa mwaka 1924 pamoja na hospitali ya Mulago. Hapo ndipo shida ilipojitokeza. Kijana aliyetoka shule ya misheni alikuwa anajua Biblia, hesabu, Kiingereza na pengine historia ya Uingereza, lakini dawa hazichanganywi kwa Biblia. Ilibidi chuo chenyewe kimfundishe kemia, fizikia na biolojia kabla ya kumkabidhi kwa walimu wa tiba.

Kwa miaka mingi, basi, kemia halisi haikuwa somo la shule bali somo la maandalizi ndani ya Makerere. Shule kongwe kama Namilyango (1902), Gayaza (1905), Budo (1906) na Kisubi (1906) zilianzishwa na wamisionari wenye nia ya kuwapata viongozi wa kanisa na watoto wa machifu wenye adabu. Sayansi ilipoingia iliingia kwa unyonge, mara nyingi kwa jina la sayansi ya jumla: kidogo cha mimea, kidogo cha joto na mwanga, kidogo cha hewa na maji. Maabara ni kitu cha gharama, na mwalimu aliyesomea kemia alikuwa adimu kuliko maabara.

Shule za wasichana zilichelewa zaidi. Huko kazi za nyumbani na ushonaji vilipewa vipindi ambavyo wavulana walipewa sayansi, na matokeo yake yanaonekana katika tarehe moja tu. Mafunzo ya tiba yalianza Makerere mwaka 1924, lakini mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuhitimu hapo kuwa daktari, Josephine Nambooze, alihitimu mwaka 1959. Ni miaka 35 katikati. Sidhani kwamba katika miaka hiyo yote hapakuwa na msichana mwenye akili ya kutosha. Kilichokosekana ni kile ambacho kingempitisha mlangoni.

Mambo yalibadilika baada ya tume ya De la Warr ya mwaka 1937 kupendekeza kwamba Makerere ikuzwe ifikie kuwa chuo kikuu. Mwaka 1949 chuo kikaingia katika uhusiano na Chuo Kikuu cha London, na kuanzia hapo mtihani, mtaala na viwango vya kuingilia vilipimwa kwa kipimo cha London. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 yale masomo ya maandalizi yaliondolewa Makerere yakateremshwa shuleni, yakawa kidato cha tano na cha sita. Naomba wanafunzi wetu wa historia ya elimu wakitazame kitendo hicho kwa makini, kwa sababu mimi nakiona kuwa kiini cha habari yote. Yale ambayo chuo kilikuwa kikimfundisha mtu baada ya kumpokea, sasa yakawa masharti ya kupokewa. Kizingiti kilihamishwa kutoka ndani ya nyumba hadi nje ya ua.

Tena ulikuwa mlango wa kanda nzima. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipozinduliwa mwezi Juni 1963, vyuo vyake vitatu viligawana kazi: Dar es Salaam ikawa na sheria, Nairobi ikawa na uhandisi na tiba ya mifugo, Makerere ikabaki na udaktari na kilimo. Kijana wa Tabora au wa Machakos aliyetaka shahada ya udaktari alielekea Kampala, na kemia aliyoisoma kwao ilipaswa kulingana na ile ya hapa. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na kwa muda mfupi watoto wa nchi tatu walifanya mitihani chini ya baraza moja. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki chenyewe kilikuwa kimekwisha vunjwa mwaka 1970. Hapa Uganda baraza letu la taifa, UNEB, lilikuja mwaka 1983.

Sasa tuje kwenye herufi tatu. Mfumo wa kidato cha tano ulimtaka mwanafunzi achague mchanganyiko wa masomo, ambao wenzetu wa Tanzania huuita tahasusi. Kila mzazi wa Uganda anaujua: PCB, PCM, BCM. Ukizitazama herufi hizo utaona kitu ambacho wengi hawakigundui. Fizikia inaweza kuachwa, ukasoma BCM. Biolojia inaweza kuachwa, ukasoma PCM. Hisabati inaweza kuachwa, ukasoma PCB. Ila C haitoki. Iko katika kila kundi, kama chumvi katika kila mboga. Upo mchanganyiko wa sayansi usio na kemia, kwa mfano fizikia, uchumi na hisabati, lakini huo haukufikishi Mulago. Sababu yake si siri: kemia ndiyo inayounganisha mwili wa binadamu, udongo wa shamba na chuma cha kiwandani, kwa hiyo kila kitivo kikaihitaji kwa shughuli yake. Somo lililokuwa mtumishi wa wote likageuka kuwa bawabu wa wote.

Na bawabu huyo alilipwa kwa alama. Kwa utaratibu ambao vyuo vikuu vya umma vya Uganda vimeutumia kwa miaka mingi, daraja A la kidato cha sita ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. Kisha kila somo huzidishwa kulingana na kozi inayoombwa: yale ya lazima mara 3, yale yanayohusiana mara 2, ya nyongeza mara 1, na yasiyohusika nusu. Kwa mwombaji wa udaktari kemia na biolojia ndiyo ya lazima. A ya kemia, basi, inampa pointi 18, na D inampa 9. Sasa chukua A ya Kiswahili ukaiweke katika ombi hilo hilo: ni 6 mara nusu, yaani 3. Hata E ya kemia, ambayo ni 6, inaizidi mara mbili. Sisemi kwamba daktari achaguliwe kwa ufundi wake wa ngeli. Lakini angalieni upande wa pili: kozi kadhaa za upande wa sanaa zimekuwa zikipokea masomo mawili yoyote ambayo mwombaji ameyafanya vizuri zaidi. Mwanakemia anaweza kuvuka kuja kwetu akiwa na mzigo wake wote wa pointi. Wetu hawezi kuvuka kwenda kwake. Tangu mwaka 1990 Makerere imewaongezea wasichana pointi 1.5, na kwa hesabu hizi msomaji anaona kwamba nyongeza hiyo ni ndogo kuliko hatua moja ya daraja katika kemia, ambayo ni pointi 3.

Miaka ya 1970 ilitia ufa ambao haujazibwa wote. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia kwa muda wa siku 90, na pamoja na wafanyabiashara waliondoka walimu wengi wa sayansi na hisabati. Walimu Waingereza nao wakaondoka. Fedha za kigeni za kununulia dawa za maabara na vyombo vya kioo zikawa haba. Kabla tu ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1960, shule za Afrika Mashariki zilikuwa zimeanza kujaribu mtaala mpya wa sayansi uliofuata mfano wa Nuffield wa Uingereza, ambao ulimtaka mwanafunzi agundue mambo mwenyewe kwa kufanya majaribio. Fikiria mtaala wa majaribio katika shule isiyo na gesi wala asidi. Mwalimu alichora jaribio ubaoni, wanafunzi wakalinakili, na siku ya mtihani wakashika bureti kwa mara ya kwanza mikono ikitetemeka. Shule chache zenye jina zilihifadhi maabara zao, na pengo kati yake na shule za vijijini likawa pana. Tukizungumza juu ya nani alifaulu kemia katika miaka iliyofuata, sehemu kubwa tunazungumza juu ya nani alikuwa na mfereji wa maji darasani.

Hapa ndipo sisi watu wa lugha tunapopaswa kuketi na kusikiliza. Mtihani wa vitendo wa kemia ni mtihani wa macho na mikono, lakini alama hutolewa kwa maneno. Mwanafunzi hupewa unga usiojulikana, huuyeyusha katika maji, akatia dawa tone kwa tone, akaandika alichokiona. Ioni za zinki na za aluminiamu zote mbili hutoa mashapo meupe zikitiwa sodiamu haidroksaidi, na mashapo hayo huyeyuka dawa ikizidishwa. Ukitumia amonia, yale ya zinki huyeyuka dawa ikizidi, ya aluminiamu hayayeyuki. Ndiyo njia ya kuzitofautisha. Mtoto anaweza kuiona tofauti hiyo kwa macho yake na bado akapoteza alama kwa kuwa hakuandika kifungu cha Kiingereza kinachotakiwa. Mfano mwingine ambao walimu wa kemia huulalamikia kila mwaka ni ule wa kimiminika kinachopenyeza mwanga na kimiminika kisicho na rangi. Kwa Kiswahili huwezi kuvichanganya: kimoja ni angavu, kingine hakina rangi, na kimiminika cha buluu kinaweza kuwa angavu kabisa. Kwa Kiingereza maneno mawili ya kueleza hali hizo hukaribiana masikioni mwa mtoto wa Kiganda au wa Kiteso, naye huandika moja mahali pa jingine akidhani ni mamoja. Je, hapo amepimwa kemia au amepimwa kitu kingine?

Swali hilo waliwahi kulijibu majirani zetu, angalau kwenye karatasi. Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili likaundwa mwaka huo huo. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza kuanzia Januari 1985 na chuo kikuu kuanzia mwaka 1991/92. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Wanaleksikografia, hata hivyo, walikuwa wamekwisha shika kazi, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikachapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Niliposoma shahada ya uzamili huko Tanzania niliikuta maktabani. Nikilitazama kabati lile nilikuwa nikifikiri juu ya hali ya ajabu: istilahi zimekamilika, zimepangwa kwa alfabeti, na mtahiniwa ambaye angezitumia hayupo. Wanaosema kwamba kemia haisemeki kwa Kiswahili kwa sababu hakuna maneno wanatoa sababu ambayo iliisha nguvu mwaka huo. Sababu za kweli zilikuwa nyingine: vitabu vya kiada, walimu waliofunzwa kwa Kiingereza, hofu ya wazazi, na ule mlango wa chuo kikuu ambao ufunguo wake ulibaki wa Kiingereza.

Lazima pia tuwe waadilifu na kukubali kwamba istilahi peke yake haimfundishi mtu. Neno mmenyuko halimwelezi mtoto kitu kuliko lile la Kiingereza mpaka aone magadi yakitoa povu ndani ya siki. Lakini akishaliona povu, mmenyuko ni neno analoweza kulinyambua: vimemenyuka, havimenyuki, humenyuka. Kwa Kiingereza atalikariri.

Turudi nyumbani. Mwaka 1992 Makerere ilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia, na kwa miaka kadhaa ikawa neema kwa masomo ya sanaa, ambayo hayahitaji maabara na yanaweza kufundishwa jioni kwa darasa la watu mia tatu. Mwaka 2005 serikali ikageuza usukani. Ilitangaza kwamba fizikia, kemia na biolojia ziwe za lazima hadi kidato cha nne, na kwamba asilimia 75 ya nafasi za ufadhili wa serikali katika vyuo vikuu vya umma ziende kwa wanafunzi wa sayansi. Mwaka huo huo, kwa msaada wa Japani, ukaanza mradi wa SESEMAT wa kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati waliopo kazini, ukifuata mfano wa mradi kama huo ulioanza Kenya mwaka 1998. Kwa mtoto wa maskini maana yake ilikuwa wazi: kama unataka kusomeshwa na serikali, pitia kemia. Kwa idara kama yetu maana yake ilikuwa kwamba robo iliyobaki tungeigombea sisi, wanasheria, wanauchumi, wanahistoria na wengine wote.

Kisha ikaja Julai 2022, mwezi ambao wenzangu walimu hawahitaji kukumbushwa. Mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule za sekondari za serikali ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwalimu wa sanaa mwenye shahada kama hiyo, naye Kiswahili kimo humo, alibaki na takriban milioni 1. Walimu wa sanaa walikuwa wamekwisha gomea kazi mwezi Juni, wakarudi madarasani bila kupata walichodai, na wakagoma tena mwaka 2025. Sina kinyongo na mwalimu wa kemia. Kwa jinsi anavyopumua moshi wa dawa na kuosha vyombo usiku, anastahili shilingi zake. Ila watu wanaoeleza tofauti hiyo kana kwamba ilizuka mwaka 2022 wanasahau historia. Ile zidisha mara tatu ya fomu ya kuombea chuo imehamia kwenye orodha ya mishahara, karibu kwa uwiano ule ule.

Jambo moja, hata hivyo, limebadilika pasipo kelele. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, na ambao watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, umeyaweka masomo mawili katika ratiba moja ya lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili: kemia na Kiswahili. Baraza la Mawaziri nalo liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, mwezi ule ule wa mishahara. Kwa hiyo leo kuna mtoto wa miaka kumi na mitatu huko Hoima ambaye asubuhi anachuja maji ya chumvi katika kipindi cha kemia, na baada ya mapumziko anajifunza vitenzi vya kuamrisha katika kipindi chetu. Mitaala hiyo miwili haisemezani, lakini walimu wanaweza kusemezana.

Wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha nimeanza kuwaagiza jambo dogo. Waombe daftari la kemia la darasa lao, wachukue jaribio moja ambalo watoto wamekwisha lifanya, na walitumie kufundishia hali ya kuamrisha na kauli ya kutendwa: chukua udongo, mimina maji, chuja, chemsha, udongo umechukuliwa, maji yamemiminwa, yamechujwa, yamechemshwa. Hapahitajiki chombo wala dawa. Muhula uliopita mmoja wao, aliyepangiwa shule ya Bunyoro, aliandika katika ripoti yake kwamba wavulana walikwama kwenye neno kuvukiza, na msichana mmoja akasimama akaeleza kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kinyoro jinsi bibi yake anavyojua kwamba chungu cha chumvi kimeiva. Mwalimu wa kemia alikuwa dirishani akisikiliza. Aliomba apewe nakala ya somo hilo.